Mzabibu wa Mama na Madhalla ya Baba

Juzi nilisahau mfuko wa zabibu ndani ya gari. Niliununua asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikauweka nyuma ya kiti, na Maskati yetu hii mnaijua: gari lililofungwa vioo juani mwezi wa sita ni tanuri. Nilipofungua mlango alasiri, harufu ilitoka ikanipiga usoni, tamu, nzito, na ndani yake uchachu mdogo ndio kwanza unaamka. Mwenzangu wa ofisini aliyekuwa anasubiri nimpe lifti alirudi nyuma, akanitazama mimi, akalitazama gari, na niliona wazi anatafuta njia ya adabu ya kuniuliza kama nimeanza kunywa. Nilicheka mpaka nikashika mlango nisianguke. "Ni zabibu," nikamwambia, "zimeanza safari." Hakunielewa, na jua lilikuwa kali mno kusimama kumweleza. Basi nakuelezeni nyinyi.

Mama yangu alizaliwa Dodoma. Baba yake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Babu Dodoma, alikuwa na duka la nguo na vyombo, na nyuma ya nyumba alikuwa na shamba dogo la zabibu, maana ardhi ile kavu ina choyo na mazao mengi lakini kwa zabibu hufungua mkono. Jirani yake wa upande wa pili wa ua alikuwa Mtaliano mzee, Bwana Gino, aliyekuwa akitengeneza divai nyekundu kama ya kwao. Babu hakupata kumuuzia hata kichala kimoja, kwa kuwa alijua zitakwenda wapi, na Bwana Gino hakupata kukasirika. Kila asubuhi walisalimiana juu ya ua na kuulizana habari za maradhi ya majani. Mama, wakati huo msichana mdogo mwenye masikio marefu, alikuwa kila siku yupo hapo anasikiliza.

Kwa hiyo Mama alijifunza zabibu kwa walimu wawili walioipenda kwa sababu mbalimbali. Bwana Gino aliiweka divai yake kwenye mapipa ya mbao chini ya ardhi, ikakaa miaka, na hakuruhusu mtu kuionja kabla ya wakati wake, hata wageni waliotoka kwao wakambembeleza. Kitu alichokiogopa duniani ni siki. Pipa likigeuka siki alikaa kizingitini ameshika kichwa kama mfiwa. Babu naye alikuwa mtengenezaji siki, na alichokiogopa ni divai: maji ya zabibu yasije yakasimama katikati ya njia yakakataa kuendelea. "Safari ni moja," Mama alizoea kutuambia. "Bwana Gino alitaka kushuka kituo cha kati. Baba yangu alitaka kufika mwisho."

Mama aliolewa na Baba, ambaye watu wake ni wa Unguja, na mimi nikazaliwa na kulelewa katika nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa na mizani moja tu ya kupimia dunia, nayo ni Unguja. Kisicho cha Unguja kilikuwa cha bara, na cha bara kilihitaji kuombewa dua. Alimpenda mkwewe, hilo sikatai, lakini kwa jinsi unavyompenda mgeni mzuri aliyeingia sebuleni na viatu vyenye tope. Siki aliyoijua yeye ni ya tembo la mnazi, aliyokuwa akiitengeneza mama yake. Baada ya kuikosa Oman aliridhika na chupa ya dukani, na habari za siki ya zabibu alizisikiliza kama anayesikiliza mtoto anaota.

Mzabibu wetu ulitoka Dodoma. Mjomba alikuja kututembelea akaleta pingili moja, imefungwa kwa kitambaa chenye maji katikati ya mashati yake, na Mama akaipanda nyuma ya jiko, karibu na mahali Baba alipokuwa akiegesha gari. Iliota, ikapanda ukuta, ikajaa majani mapana ya kupendeza, na haikuzaa kitu. Mwaka ukapita, na mwingine, majani tu. Mama alistaajabu sana mpaka siku aliyomfuma Bibi akiumwagia maji ya kuoshea mchele, bakuli zima, kama alivyokuwa akifanya kila alasiri tangu mti ule ulipoota. "Kiumbe wa Mungu huyu ana kiu," Bibi alijitetea. "Na Khuwair hii joto lake, hata mie nna kiu."

Sasa Baba akanunua gari jipya. Jeupe, bila shaka. Alikuwa akifanya kazi wizarani, Maskati kwenyewe, kila siku anakwenda na kurudi kwa barabara ya kando ya bahari, na jua la huko na la huku likaanza kumkosesha usingizi kwa ajili ya rangi ya gari lake. Nyumba zote za mtaani kwetu zilikuwa na madhalla, kile kivuli cha nguzo za chuma na bati cha kuegeshea gari. Ya kwetu ingekaa wapi? Pale pale uliposimama mzabibu.

"Mama Rahma," Baba alisema mchana mmoja tunakula, "mti wako huu nnaona hauna faida. Majani matupu. Nnataka kumwita fundi."

Mama alimalizia tonge lake kwanza. "Nipe msimu mmoja," akasema. "Nitakutilia siki mezani kutoka mti huu huu. Isipogeuka siki, nitaukata kwa mkono wangu mwenyewe, na fundi wako aje ajenge."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema. Ahadi ni deni."

Bibi alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Haya, Rahma, mke mwenzangu, tukae vizuri," akaniambia, "tuoneshwe maajabu ya Dodoma."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa kupenda vitu kwa hasira, na nilikuwa nimeshaupenda mti ule. Nilimtazama Mama na nikajua hatanii. Mama akiamua jambo hakupandisha sauti, alikuwa anaishusha.

Mwezi wa kwanza, hewa ya Maskati ilipokuwa na baridi kidogo, alitoka na makasi makubwa ya Babu Dodoma akaanza kuupogoa. Sikuwahi kuona ukatili wa namna ile. Matawi yaliyofika juu ya ukuta wa jirani yalianguka, yale ya katikati yakafuata, mpaka ukabaki mkono mmoja uliopinda wenye vifundo. Palipokatwa pakaanza kudondoka maji, tone baada ya tone. Bibi alitoka jikoni akapiga kelele.

"Umeuwa mti wa watu! Tazama, unalia!"

"Unalia, mama," Mama alimjibu bila kugeuka. "Utanyamaza."

Halafu akafunga mfereji wa maji. Mti utapewa maji kwa kipimo chake yeye, si kwa huruma ya mtu. Bwana Gino, alituambia, alikuwa na msemo wake kwa Kiswahili chake kilichopinda: mzabibu ukishiba maji huwa mvivu. Lazima utafute, upeleke mizizi chini, ndipo zabibu ipate kitu cha kusema. Mimi nikapewa ulinzi. Nadhani nilikuwa mtoto pekee Khuwair nzima mwenye idhini ya kumzuia bibi yake. Alasiri nilikaa kwenye ngazi ya jiko na kumwona anakuja, anatembea polepole kama mtu anayetoka kupunga upepo tu, na chini ya kanga bakuli limetuna. "Bibi, bakuli," ningesema. "Bakuli gani?" angeuliza, na maji yanamchuruzika miguuni.

Mti ukatoa. Vichala vilikuja vingi, vidogo, vya kijani, nami nikaruka kwa furaha, na kesho yake Mama akatoka na makasi yale yale akakata zaidi ya nusu akavitupa. Hapo nililia kwa sauti. Aliniacha nilie, kisha akaniita nimshikie kikapu. Vingi vikibaki, alinieleza, vitagawana nguvu, na utavuna maji matamu basi. Vilivyobaki alivivika mapande ya kanga kuukuu ndege wasivione, na mzabibu wetu ukaonekana kama kamba ya nguo za watoto wachanga.

Tulivuna alfajiri, kabla jua halijachomoza, mwanzoni mwa mwezi wa sita. Hazikuwa zabibu za kujivunia sahanini. Zilikuwa ndogo, nyeusi, na maganda mazito yaliyokauka kidogo, na juu yake utando mweupe kama vumbi la unga. Bibi akaja na ungo na ndoo ya maji kuziosha. Mama akamshika mkono kwa heshima, akamwambia vumbi lile ndilo fundi mwenyewe wa kuzichachua, likioshwa hakuna atakayefanya kazi. Bibi aliomba radhi kwa Mungu kwa niaba ya nyumba yote. Tukaziponda kwa mikono katika beseni, mimi na Mama, na vidole vyangu vikabaki rangi ya zambarau siku nyingi, mwalimu wangu akadhani ni hina iliyoharibika.

Mtungi ulikuwa wa udongo wa Bahla, Mama aliununua sokoni Matrah. Tuliujaza, akaufunga mdomo kwa kitambaa cha bafta na uzi, tukauingiza katika stoo iliyo chini ya ngazi, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Hapo akanipa sharti la Babu Dodoma. Kitambaa kikishafungwa, hakuna mkono wa mtu utakaotia kitu ndani. Si sukari, si chumvi, si chochote. Mtungi utapita katikati, penye haramu ya ulevi, na utatoka wenyewe kwa amri ya Mungu. Ukigeuka wenyewe ni siki safi. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu, wanavyuoni wamekhitalifiana, na Babu hakutaka mezani kwake chakula chenye mabishano ndani yake.

Wiki ile ya kwanza mtungi ulichemka bila moto. Niliweka sikio nikausikia unanong'ona. Na harufu! Ilipanda ngazi, ikaingia vyumbani, ikakaa kwenye mapazia.

"Nyumba yangu inanuka kama baa," Baba alisema.

"Na wee baa umeijulia wapi?" Bibi aliuliza.

Habari ya harufu ikaahirishwa.

Taratibu utamu ulipungua na ukali ukaanza kuja, ule ukali wa kukunja pua. Kila nilipopita mlango wa stoo nilinusa, na kila nilivyonusa nilizidi kuamini kwamba tutashinda. Joto la kiangazi lilikuwa upande wetu. Mama alisema tusubiri bado, siki ikifika haraka huja na pupa. Wakati huo ndipo Baba alipotangaza kwamba watu wa kwao watakuja chakula cha mchana siku ya Ijumaa, wengi, pamoja na ami yake mkubwa ambaye ni mtu wa dini sana na pua yake ni ndefu.

Jumanne ile nilimfuata Mama stoo. Aliinama kwenye mtungi akasimama hapo hapo. Uzi ulikuwa umefungwa fundo jingine, fundo maradufu ambalo nyumbani kwetu alilifunga mtu mmoja tu, na kwenye ukingo wa mtungi, juu ya udongo mwekundu, palikuwa na chembe nyeupe. Mama aligusa moja kwa ncha ya kidole, akaionja. Chumvi. Alichuchumaa pale kwa muda mrefu na mkono umefunika macho. Aliponyanyuka aliniambia, kwa sauti ile ya chini, "Uliyoyaona humu yaache humu humu."

Alimwita Baba. Tukautoa mtungi uani, akafungua kitambaa, akaumwaga wote katika mfereji wa maji machafu, polepole, mpaka tone la mwisho. Maji yake yalikuwa mekundu na yalinukia vizuri mno.

"Lakini hiyo mbona inanukia siki?" Baba aliuliza.

"Haikuwa," Mama alisema. "Baada ya wageni kuondoka, Ijumaa ya wiki ya pili, mwite fundi."

Wenzangu, nilimchukia Mama siku ile. Nilitaka aseme. Neno moja tu, chumvi, na Baba angeelewa, na mti ungepona. Angeweza pia kunyamaza kabisa, akaitia mezani, nani angejua? Badala yake alichagua njia pekee ya kushindwa. Nilikataa kula chakula cha wageni, na Bibi, akiwa amefurahi kwamba nyumba hainuki tena, alinilazimisha mkate wa ajemi kwa mkono wake.

Alhamisi ya wiki ya pili Bibi alikuwa ananisuka. Alifika nusu ya kichwa, halafu akauliza, "Hebu nambie, mke mwenzangu. Siki ya kwao mama'ko hutiwa nini?"

"Haitiwi kitu, Bibi," nikasema. "Ikitiwa kitu haifai tena."

"Hata chumvi ya kuiharakisha?"

"Hata chumvi."

Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. Nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimetimka, akanyanyuka akaingia chumbani kwake, na hakutoka mpaka kesho yake.

Ijumaa baada ya sala fundi alifika na nguzo zake. Baba alisimama kando ya gari bila raha, maana kushinda kwenyewe hakukumkaa vizuri. Mama alikuja na msumeno. Kabla hajafika kwenye mti Bibi alitoka, kajitanda ushungi kama anayekwenda msibani, akasimama mbele ya mzabibu, mgongo ameuegemeza kwenye shina.

"Weka msumeno chini, mwanangu," alimwambia Mama. "Mie ndo n'lotia chumvi. Wageni walikuwa wanakuja, nikaona haya kwa ajili yako, nikasema nikusaidie iwahi. Wallahi n'likuwa nnakusaidia. Na wee ukanisitiri." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe, mpeleke fundi wako kwao. Mti huu haukatwi."

Baba aliinamisha kichwa. "Khalas, mama. Mti ubaki."

Tulimtazama Mama sote, mimi, Baba, Bibi, hata fundi. Mimi nilihesabu mti umeshapona. Mama aliuweka msumeno chini, akamwendea Bibi, akambusu kichwani na kumshika kwa muda mrefu. Kisha akamvuta pembeni taratibu, akamkalisha kwenye kiti, akarudi akauokota.

"Nilisema isipogeuka siki nitaukata," alisema. "Haikuwa siki."

Akaukata. Bibi alilia, mimi nililia, na Baba, aliyekuwa akiutaka uondoke, alisema "Basi, Mama Rahma, basi" mara nyingi na hakusikilizwa. Kilibaki kisiki cha kufika gotini kwangu. Mama alifuta jasho, akamwelekeza fundi pa kuchimbia nguzo, na nguzo moja akataka ichimbiwe karibu na kile kisiki, karibu kabisa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kufikia magharibi madhalla ilikuwa imesimama na gari jeupe limelala chini yake kama bwana harusi.

Baridi ikaja ikapita. Kisiki hakuna aliyekipa maji, na safari hii hakikuhitaji mlinzi. Asubuhi moja Baba alitoka kwenda kazini akaniita nje. Kwenye kisiki palikuwa na machipukizi manne mekundu, na moja limeshaizungushia nguzo ya madhalla mkono wake mdogo. Mama alitoka na chai yake mkononi.

"Mzabibu haufi kwa kukatwa, Baba Rahma," alisema. "Bwana Gino alikuwa akiikata mizabibu yake mizee hivi hivi."

Ilichukua misimu miwili zaidi. Mtungi ulipofungwa tena, Bibi aliweka kiti chake mbele ya mlango wa stoo, na hata Baba hakuruhusiwa kupita hapo. Siki ilifika mwisho wa njia yake, nyekundu na angavu. Tuliila kidogo na samaki, na iliyobaki Mama aliiacha mtungini ikomae miaka, kama alivyofundishwa na mzee ambaye hangekubali hata kuinusa.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama kisa cha mwanamke mkaidi. Ilinibidi niolewe, niwe na mama mkwe wangu mwenyewe jikoni kwangu, ndipo nilipoelewa. Kama Mama angeipokea ile huruma siku ya Ijumaa, mti ungebaki umesimama juu ya aibu ya Bibi. Kila alasiri angepita hapo akaikumbuka chumvi yake, na Baba angekuwa na mti uliomshinda mbele ya fundi. Mama aliujua mzabibu kuliko sisi sote. Alijua utarudi, na alijua Bibi akibaki na lile doa, halitatoka. Alichokata siku ile kilikuwa aibu ya mtu mwingine, na aliikata karibu na mzizi.

Baba amestaafu sasa. Mzabibu umeifunika madhalla yote, bati halionekani tena, na kila mwezi wa kwanza yeye ndiye anayeshika makasi. Gari analiegesha nje barabarani, juani, mchana kutwa, na ukimuuliza atakwambia, bila kucheka hata kidogo, kwamba moshi unaharibu zabibu.